Nusu namba

Shangazi yangu alinipigia jioni moja kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani na hajui akirudishe kwa nani. "Mwanangu, kuna mtu kaniandikia ujumbe, lakini namba yake imekatika."

"Imekatikaje, shangazi?"

"Zimefika tano tu. Nimevaa miwani nikahesabu tena. Nyingine ziko wapi?"

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa heri. Ulimtaja kwa jina, ukamkumbusha siku na saa ya kurudi kliniki, basi. Mambo yaliharibika alipojibu. Shangazi ni mtu wa adabu, ukimwandikia lazima akujibu. Aliandika: "Asante sana mwanangu, Mungu akipenda nitafika. Naomba kuuliza, nije nimekula au nije na njaa?" Hazikupita sekunde tatu, jibu likaingia: "Neno ulilotuma halitambuliki." Akaona huyu kijana hana malezi, akaamua kumpigia amwambie kwa mdomo. Simu haikuita hata mara moja. Sauti ya mashine ikamwambia namba aliyopiga si sahihi. Ndipo aliponitafuta mimi.

Nikamwambia hiyo ni kompyuta, si mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kompyuta gani inajua jina langu na siku yangu ya kliniki, halafu haijui asante?"

Nina miaka kadhaa sasa nafanya kazi ya kuunganisha programu za watu na mitambo ya kampuni za simu, ili taasisi ziweze kuwatumia wateja wao ujumbe. Namba hizi nazishika kila siku. Kazini tunaziita shotikodi, wengine huandika msimbo mfupi, na watu wengi husema tu namba fupi. Nami nitakwenda na hao wengi. Lakini swali la shangazi lilinikaa kichwani. Nyingine ziko wapi? Nilichomjibu usiku ule kilikuwa cha kumnyamazisha tu, na yeye alijua. Nilipaswa kumweleza hivi.

Hakuna nyingine. Zile tano ndizo zote.

Namba ya kawaida ni anwani kamili. Tarakimu za mwanzo zinataja nchi, zinazofuata zinataja mtandao au eneo, za mwisho zinakutaja wewe, na kwa kanuni ya shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, iitwayo E.164, zote pamoja hazizidi 15. Ukiwa na anwani hiyo, mtu aliye upande wa pili wa dunia anakufikia. Namba fupi haina hayo. Ni sawa na jina unaloitwa nyumbani. Ndani ya nyumba mama akiita "Kaka!" anajulikana anayeitwa, na ataitika. Simama barabarani uite "Kaka!", ama hageuki mtu, ama wanageuka kumi.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi ujue kwamba ujumbe wa SMS hauendi moja kwa moja kwa unayemwandikia. Watu wengi wanashangaa nikiwaambia hili. Chukua simu ya zamani, ile ya vitufe, ingia kwenye mipangilio ya ujumbe. Utakuta sehemu ya kituo cha ujumbe, na pale pana namba ndefu ambayo wewe hukuiandika. Inakaa kwenye laini, imewekwa na kampuni iliyokuuzia. Kila SMS unayotuma, hata kwa jirani aliyekaa kiti cha pili, inakwenda kwanza kwenye kituo hicho. Kituo kinasoma inakopelekwa. Kikikuta namba ndefu, kinauliza simu hiyo iko chini ya mnara gani kwa sasa, kisha kinaupeleka. Ikiwa imezimwa, kinauweka ujumbe na kujaribu tena baadaye.

Kikikuta namba fupi hakimtafuti mtu yeyote chini ya mnara wowote, kwa sababu hakuna simu yenye namba hiyo popote duniani. Kinachofanya ni kutazama orodha yake: tarakimu hizi tano ni za nani? Orodha inasema ni za kompyuta fulani, na njia ya kuifikia ni hii hapa. Kituo kinausukuma ujumbe huko, mara nyingi kupitia kwa wakala aliyesimama katikati, na kazi yake inaishia hapo. Kwa hiyo nyuma ya namba fupi hakuna laini. Kuna mstari mmoja tu ndani ya orodha ya kituo cha ujumbe.

Shangazi alipopiga, simu yake ilipita njia nyingine kabisa. Mtambo wa kupigia una orodha yake, na katika orodha hiyo mtu hakuandika zile tano. Ndiyo sababu aliambiwa namba si sahihi wakati dakika moja kabla ilikuwa imemjibu. Zipo namba fupi zinazofanya yote mawili, kama zile za huduma kwa wateja, lakini ni kwa kuwa mtu alikaa akaziandika kwenye orodha zote mbili.

Kwa sababu hiyo hiyo namba fupi haivuki mpaka. Ukiwa ugenini na laini yako ya nyumbani, ujumbe unaotuma bado unarudi kwenye kituo cha nyumbani, kwa hiyo namba fupi za kwenu mara nyingi zinaendelea kukuitikia. Lakini ukiona tangazo la ugenini linalosema tuma neno fulani kwenda namba fupi fulani, ukajaribu kwa laini yako, kituo chako cha nyumbani kitatazama orodha yake na kukuta ama hakuna kitu, ama kuna mtu mwingine kabisa. Namba zile zile tano, nchi nyingine, zinaweza kuwa za mambo ambayo hukuyatarajia.

Hata ndani ya nchi moja, jina hilo la nyumbani linapaswa kukubaliwa na kila nyumba. Kama kuna mitandao minne, mwenye huduma anahitaji orodha nne zimwandike. Mmoja akichelewa, utasikia watu wakilalamika kwamba "namba haifanyi kazi", kumbe haifanyi kazi kwao tu. Marekani walirahisisha jambo hili mwaka 2003 kwa kuweka daftari moja la pamoja: tarakimu tano au sita, ya kwanza isiwe sifuri wala moja. Piga hesabu uone. Za tarakimu tano ni 80,000 tu, kuanzia 20000 mpaka 99999. Kitu kichache namna hiyo hakiuzwi, kinapangishwa. Anayetaka tarakimu anazozichagua mwenyewe analipa kodi kubwa kuliko anayekubali zozote atakazopewa.

Wanaolipia kuchagua wana sababu. Vitufe vya simu vina herufi: 2 ni A, B na C, 3 ni D, E na F, hivyo hivyo mpaka 9. Namba inaweza kuandika neno. Barack Obama alipogombea urais mwaka 2008, kampeni yake ilitumia 62262, na ukifuata vitufe unapata OBAMA. Kwenye namba hiyo ndiko wafuasi wake walikoambiwa, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 23 Agosti, kwamba mgombea mwenza ni Joe Biden. Jioni moja nilikaa na simu kuukuu nikijaribu maneno yetu, ndipo nikagundua kwamba 62262 inaandika pia MBANA. Mbana matumizi! Sijui kama kuna mwanasiasa angependa kuipanga kwa maana hiyo. ASANTE inatoka 272683, tarakimu sita, na kwa kweli ningekuwa na kliniki ningeililia hiyo.

Tuje kwenye lile "halitambuliki", kwa maana hapo mimi ndiye mshtakiwa. Si mimi niliyetengeneza mtambo wa kliniki ya shangazi, lakini sentensi hiyo nimeiandika kwenye mitambo ya wengine mara nisizoweza kuhesabu.

Kompyuta inapopokea ujumbe kutoka kwenye kituo, inapewa vitu vitatu vya maana: namba ya aliyetuma, namba fupi aliyotumia, na maneno yenyewe. Inachofanya ni cha kitoto. Inachukua herufi zote mpaka inapokutana na nafasi ya kwanza, inazigeuza kuwa kubwa, kisha inalinganisha na maneno machache iliyofundishwa. Likipatikana, inatenda. Lisipopatikana, halitambuliki. Kwa mtambo kama huo, barua nzuri ya shangazi ilikuwa na neno moja tu, ASANTE, na hakuna mtu aliyekumbuka kuliweka kwenye orodha.

Niliwahi kukaa na kumbukumbu za huduma moja, nikisoma ujumbe ulioingia na kukataliwa. Tangazo lilikuwa limesema: ili kujitoa, tuma neno "ONDOA". Watu walituma hivi: "Tafadhali ondoa". "Naomba mniondoe". "ONDOA." pamoja na nukta. "Ond oa", huyu kidole kiliteleza. Na wengi, wengi sana, walituma neno hilo likiwa na alama za kunukuu pande zote mbili, kwa sababu ndivyo tangazo lilivyoliandika na wao ni watu wanaofuata maelekezo. Wote hao walijibiwa kwamba halitambuliki, na wote waliendelea kupokea kile walichokuwa wakikikimbia. Aliyeanza na "Tafadhali" alikomolewa na adabu yake mwenyewe. Nilirekebisha mchana ule ule: kuondoa alama, kutafuta neno popote lilipo ndani ya ujumbe, kukubali "mniondoe" na ndugu zake. Ilikuwa kazi ya saa mbili. Huduma ilikuwa hewani mwaka mzima.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mitambo hii haina akili, huwa namjibu kwamba mtambo hauna kosa. Walioona kwamba maneno ya kawaida ya watu hayawahusu ni sisi tulioandika programu. Katika nchi nyingi zipo kanuni zinazolazimisha maneno mawili yafanye kazi kila wakati: la kuomba msaada na la kujitoa. Kwa Kiingereza ni HELP na STOP, na baada ya kujitoa unapaswa kupata ujumbe mmoja tu wa kuthibitisha, kisha kimya. Ukiwa umekwama na huduma usiyoitaka, jaribu STOP peke yake, bila salamu, bila nukta, hata kama tangazo lao lilikuwa la lugha nyingine. Mitambo mingi hulielewa kwa sababu ilinunuliwa ikiwa nalo.

Kuna kosa langu lingine la siku zile ambalo bado linanichekesha, ingawa aliyelipa hakucheka. SMS moja inabeba baiti 140, na kila baiti ni biti 8. Kwa herufi za kawaida za GSM, yaani mfumo wa simu za mkononi, kila moja ikichukua biti 7, unapata herufi 160 barabara. Lakini ndani ya ujumbe ikiingia hata herufi moja isiyomo kwenye orodha ya GSM, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa biti 16 kwa herufi, na nafasi inashuka mpaka 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande, kila kipande kikibeba 67, kwa kuwa nafasi kidogo inatumika kuonyesha kipi kinafuata kipi. Hospitali moja ilinipa maneno ya kuwatumia wagonjwa wa meno, yakiwa yamechapwa kwenye programu ya ofisini. Herufi 150 tu. Nikapima kwa macho, nikaona zinatosha, nikaruhusu. Ankara ilikuja mara tatu ya tulichokadiria. Nilitafuta mdudu siku nzima, kumbe alikuwa ndani ya neno "kung’oa". Programu ile ilikuwa imebadilisha kistari kilichosimama wima juu ya ng kuwa kile kilichopinda kwa madaha, na kilichopinda hakimo kwenye orodha ya GSM. Kistari kimoja, ujumbe mmoja ukawa vipande vitatu. Tangu siku ile kila ujumbe wenye ng’ombe, ng’ambo au kung’oa naukagua kama forodha.

Fedha ndipo namba fupi ilipopatia sifa mbaya. Mtandao wa simu tayari una njia ya kukutoza. Mwenye namba fupi akiuambia mtandao kwamba ujumbe huu bei yake ni hii, mtandao unakata kwenye salio lako au unaongeza kwenye ankara, unabaki na sehemu yake, na mwenye huduma anapewa iliyobaki. Hakuna kadi ya benki wala saini. Ni njia rahisi ajabu, na urahisi huo umefanya mema na mabaya kwa kiasi kile kile.

Kwa upande wa mema, tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulitangaza kwamba anayetaka kusaidia atume neno HAITI kwenda 90999, na dola 10 zingeongezwa kwenye ankara yake ya simu. Zilikusanyika zaidi ya dola milioni 32, kumi kumi, kutoka kwa watu ambao wengi wao wasingejaza fomu ya mchango hata siku moja. Na ndani ya Haiti kwenyewe kulikuwa na namba nyingine, 4636, ya bure, ambayo mtu aliyenasa chini ya kifusi au aliyekosa maji angeweza kuiandikia. Maneno yaliyokuja yalikuwa ya Krioli ya Haiti, yakatafsiriwa na watu wa kujitolea waliotawanyika sehemu nyingi duniani, yakapachikwa kwenye ramani ili waokoaji wayaone. Ramani hiyo ilisimama juu ya programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 na yenye jina la Kiswahili, Ushahidi. Nikiwa na siku mbaya kazini huwa nakumbuka 4636.

Upande wa pili naujua kwa mwili wangu. Niliwahi kuona salio langu linayeyuka. Kidogo kidogo, kila asubuhi, kabla sijapiga simu hata moja. Nilipochimba nikakuta kwamba wiki kadhaa nyuma nilijaza namba yangu kwenye jaribio la kupima akili, lile la maswali kumi. Mwishoni waliniambia matokeo yangu yako tayari, nikaletewa namba ya kuthibitisha kwa SMS, nikaiandika. Kumbe kuiandika ndiko kulikuwa kukubali. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kijivu juu ya weupe, waliandika kwamba nimejiunga na utabiri wa nyota wa kila siku. Matokeo ya akili yangu sikuyapata, ingawa labda hayo ndiyo yalikuwa matokeo.

Sikuwa peke yangu. Marekani jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2014 AT&T walikubali kulipa dola milioni 105, na T-Mobile angalau milioni 90, kwa tuhuma za kuwatoza wateja ada za nyota, vichekesho na habari za mastaa ambazo hawakuziomba. Mitandao haikuwa imetunga utabiri wowote wa nyota. Iliwapangishia wenye huduma mlango, ikachukua sehemu yake ya fedha, ikapokea malalamiko na kuendelea. Kwa mtu wa kawaida dawa bado ni ile ile: piga simu kwa mtandao wako, uliza laini yako imeunganishwa na huduma gani za kulipia, na uombe zote zifungwe. Wengi wana kifungo cha kuzuia moja kwa moja. Hawakitangazi.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu zile zenye alama za nyota na reli (* na #), za kupiga ili menyu ijitokeze. Watu huziita namba fupi pia, nami sigombani nao, lakini zile ni USSD, na mwenendo wake ni tofauti. SMS inawekwa, inasubiri, inafika hata kesho. USSD ni mazungumzo ya papo kwa papo: njia inafunguliwa kati ya simu yako na mtambo, na ukichelewa kujibu inafungwa na hakuna kilichobaki kwenye simu. Ndiyo maana ujumbe wa kliniki unaweza kuusoma tena baada ya mwezi, na menyu ya salio huwezi.

Sasa kuna jambo la kuaminiana. Shangazi aliiogopa namba kwa sababu ni fupi. Watu wengi wako kinyume chake: wanaiamini kwa sababu ni fupi. Kuna mantiki ndani yake. Namba ndefu naweza kuipata leo na kuitupa kesho, lakini namba fupi imepangwa, imelipiwa, na jina la aliyeipanga limeandikwa mahali. Tapeli hapendi kuandikwa. Kwa hiyo ujumbe ulioingia kweli kupitia namba fupi una mtu wa kuulizwa.

Shida ni hilo neno kweli. Simu yako haijui ujumbe umetoka wapi. Inaona maandishi kwenye sehemu ya mtumaji, inalinganisha na mazungumzo yaliyopo, na yakifanana inauweka humo humo. Mwenye mtambo unaojifanya mnara wa simu anaweza kuzivuta simu zilizo karibu naye kwenye mfumo wa zamani wa 2G, ambao simu inaulizwa uthibitisho lakini mnara hauulizwi, kisha akatuma ujumbe wenye mtumaji yeyote anayemtaka. Utauona chini ya ujumbe halali wa benki yako wa mwezi uliopita, kama umeandikwa na mkono ule ule. Kwa hiyo mimi mtumaji simtazami sana. Natazama anachotaka. Ujumbe unaonikumbusha siku naupokea kutoka kwa yeyote. Unaonitaka nibonyeze kiungo au nimtajie mtu namba ya siri, hata ukitoka kwa tarakimu tano ninazozijua kwa kichwa, nauacha, natafuta namba ya benki mahali pengine na kupiga. Uingereza na Marekani wana 7726 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli, na ukifuata vitufe utaona inaandika SPAM. Fupi ikilinda dhidi ya fupi.

Udanganyifu huo unakwenda pia upande wa pili, kwa sababu mitambo nayo huwaamini watu kwa namba zao. Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilikuwa huduma ya SMS hasa. Kikomo chake cha herufi 140 ni zile 160 zikiwa zimetolewa 20 za jina la mwandishi, na Wamarekani walikuwa wakituma maneno yao kwenda 40404. Mlango ule ulibaki wazi miaka mingi. Mwisho wa Agosti 2019 watu walioiteka namba ya simu ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni yenyewe, waliandika matusi kwenye akaunti yake kwa SMS, bila kuhitaji nywila. Mtambo uliona namba yake, ukasema huyu ni bosi, ukachapisha.

Jambo la mwisho alilonifundisha shangazi ni kwamba namba fupi nazo huhama. Kodi ikiisha na mpangaji asipolipa, tarakimu hurudi kwenye orodha, hupumzishwa kwa muda, kisha hupewa mwingine. Yeye alikuwa ameihifadhi ya kliniki kwenye simu yake kwa jina la Nusu Namba, na tulikuwa tumezoea kumtaja kama ndugu wa mbali. "Nusu Namba kaniambia Jumanne." Halafu ukaja ujumbe wa kliniki bila tarakimu hata moja, mtumaji akiwa jina la kliniki kwa herufi. Mtumaji wa namna hiyo anaruhusiwa herufi 11 tu, kwa kuwa sehemu ya anwani ndani ya SMS ina baiti 10 na herufi za biti 7 haziingii humo zaidi ya 11, kwa hiyo jina lao lilikuwa limekatwa kweli safari hii, silabi ya mwisho haipo.

Akanipigia. Nikamweleza kwamba wamebadilisha mtambo, ni wale wale, na kwamba ile ya zamani aifute, maana siku moja inaweza kupewa mtu mwingine.

"Huyu mpya nimemwandikia asante," akasema. "Simu inakataa kutuma."

"Ndiyo, shangazi. Zile ni herufi, si namba. Hazijibiwi."

Nikamsikia akihema. "Basi Nusu Namba simfuti. Alikuwa hanielewi, lakini alikuwa anajibu."